Sikio Moja, Rangi Mbili

Mzee Nanok hakuwa na kompyuta mpya, hakuwa na kile kisanduku cha kurusha mtandao hewani, hakuwa na macho ya kusoma herufi ndogo, na tangu mwanawe Lodio afariki hakuwa na mtu nyumbani ila Everline, mjane wa Lodio. Alikuwa na waya mrefu wa bluu, cheti cha masomo ya jioni ya kompyuta, na imani kwamba kilichoandikwa na binadamu kinaweza kusomwa na binadamu.

Kompyuta yake ilikaa sebuleni kando ya dirisha, mahali pekee katika nyumba yao ya Chechelesi ambapo modemu ilishika mtandao. Ya Everline ilikuwa chumbani, kwenye kimya, kwani kazi yake ilikuwa kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuiandika. Waya ulipita chini ya mlango, kutoka mashine hadi mashine. Mtandao haukupita.

Kampuni ya Nairobi iliyomwajiri ilichoka kungoja kazi zilizochelewa. Ilimletea Everline barua ya kutia sahihi: abaki nyumbani kama ana mtandao wa kutegemewa, au ahamie ofisini. Walitaka karatasi yenyewe, nayo ilipaswa kupanda basi la leo.

"Baba, acha tu. Umeinama hapo tangu chai."

"Nimeinama kwenye visima virefu kuliko hii meza."

"Wakati huo mgongo ulikuwa wako."

Mzee aliguna. Alichomoa waya, akaurudisha. Alizima, akawasha. Taa ndogo ya tunduni iliwaka, kwa hiyo waya ulikuwa mzima. Kisha onyo lile lile likatokea kwenye kioo.

"Linasema nini?" aliuliza, ingawa alikuwa amelisoma kwa taabu.

"Ati namba ya mashine hii iko na mwingine."

"Lazima iwe na mwingine. Mimi ndiye niliiandika kwenye mashine zote mbili."

Everline alimtazama. "Namba ile ile?"

"Ni za boma moja. Mbuzi wetu wote walikatwa sikio namna moja, hata wakipotelea mbali kule Korbesa wajulikane."

Everline alikaa kwenye kiti, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. "Na ukitaka kumkamua mmoja, ulikuwa unaita sikio?"

Mzee aliuachia waya.

"Tuliwaita kwa rangi," alisema.

Akairudia namba, mafungu manne yaliyotengwa kwa nukta, kidole kwenye kioo. Mafungu matatu ya kwanza yalikuwa sikio: yanasema ni wa nani. Fungu la mwisho lilikuwa rangi: linasema ni yupi. Alijikokota hadi chumbani, na kwenye mashine ya Everline akafuta namba moja ya mwisho, akaandika mbili. Ukurasa wa kazi ulifunguka, taratibu kama mtu anayeamka.

"Sikio sikukosea," alisema.

"Hukukosea, Baba."

Alikaa kitandani kupumzisha mgongo. "Huko Nairobi mtandao haufungwi na waya wa mzee. Kama unataka kwenda, nenda. Usinibakie kwa huruma."

"Nimehama vya kutosha. Na nikienda, nani atakucheka?"

Everline akaitia barua sahihi kando ya neno *nyumbani*. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, hivyo mzee aliilamba ukingoni na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akapanda boda hadi ofisi ya basi, akampa karani bahasha ile, na hakuondoka mpaka alipoiona ikitumbukia kwenye gunia la Nairobi.