Tela la Kuingia Majini

Fundi cherehani hakuwahi kushindwa na kipimo. Aliwahi kumshonea bibi harusi aliyenenepa wiki mbili kabla ya shughuli, na gauni likakaa mwilini kama alizaliwa nalo. Kwa hiyo alipopewa kazi ya kununua tela la kubebea boti ya mumewe, hakutaka ushauri wa mtu. Alichukua tepu yake, akaenda pale walipokuwa wakilaza boti, akaipima kama anavyompima mteja yeyote.

"Kifua, mita moja na sentimita themanini," alimsomea muuzaji wa matela kutoka kwenye daftari lake. "Kiuno, moja na sitini na tano. Nyonga, moja na hamsini. Mgongo, kuanzia shingoni mpaka chini, mita nne na nusu. Mikono haina."

Muuzaji alimkodolea macho. "Mama, hii ni boti au shangazi yako?"

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alicheka mpaka akashika uzio. Huyu walimwita Injinia, ingawa uinjinia wenyewe aliusomea kwenye simu yake, usiku mmoja, baada ya pasi yake kuungua. Alikuwa amekuja kusaidia, na tangu wafike alikuwa ameshapiga teke magurudumu ya matela sita.

"Mimi nauliza uzito," alisema muuzaji. "Boti, injini yake, mafuta na vyombo vyote vikiwa ndani. Kilo ngapi?"

Fundi alifungua ukurasa wa pili wa daftari. Hapakuwa na kilo. Nani anampima mteja kwa kilo? Mteja mwenyewe angekukimbia.

Kuanzia hapo mambo yakawa ni kuvurugana tu. Muuzaji aliuliza kama anataka la ekseli moja au mbili. Aliuliza kama boti italala juu ya mbao zilizovikwa zulia au itateleza juu ya rola. Lenye breki au lisilo na breki? Gari la kulivuta ni lipi, na kishikio chake kina ukubwa gani? Kila swali lilizaa mengine mawili. Fundi aliitikia kwa kichwa, huku hajui hili wala lile, na kila alipogeuka kumtazama Injinia, Injinia alikuwa ameinama chini ya tela fulani akiguna kama daktari aliyeona jambo baya.

"La chuma, shemeji," aliibuka akasema. "Achana na alumini. Alumini ni sufuria. Utabebaje boti kwa sufuria?"

"Kaka yako amesema alumini."

"Kaka hayuko sawa, unajua mwenyewe."

Fundi alijua. Ilikuwa miezi minne tangu mumewe apatwe na kiharusi, na maneno yalimtoka moja moja, kwa jasho. Mahali walipokuwa wakilaza boti palikuwa panafungwa kabisa Jumamosi ile, kwa hiyo ilibidi iletwe nyumbani, uani, chini ya dirisha la mgonjwa. Tangu asikie habari hiyo mumewe alikuwa na neno moja tu. Alumini. Asubuhi alumini, jioni alumini, na alipoulizwa sababu alifumba macho kwa uchovu.

Muuzaji, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimvutia kiti cha plastiki. "Tuanze upya, mama. Acha vipimo. Niambie tu, boti hii itaingia majini mara ngapi kwa mwezi?"

Fundi alifunga daftari lake.

"Nauliza kwa sababu ya chumvi," aliendelea muuzaji. "Kushusha boti ni lazima uzamishe tela lenyewe. Chuma kikizama kwenye chumvi kila wiki, kutu itakitafuna. Alumini haijali. Lakini kama boti itakaa tu nyumbani, mimi sikudanganyi, la chuma linakutosha kabisa. Alumini ni ya watu wanaoingia majini."

Hapo ndipo kichwa kilipomzunguka kweli. Kumbe mumewe alikuwa na maana hiyo! Alikuwa anapanga kurudi majini, yeye ambaye kijiko kilimshinda. Akinunua alumini, anamlaghai mgonjwa. Akinunua chuma, atakuwa amemwambia, bila kufungua mdomo, kwamba hapandi boti tena. Na atamwambia hivyo kila siku, kupitia dirishani. Fundi aliogopa. Katika miezi minne alikuwa amesema "ukipona" mara nyingi kuliko alivyosema salamu, na hakuwahi kujiuliza kama anaamini.

Alisogea pembeni, nyuma ya rundo la matairi, akapiga simu nyumbani. Binti yao alipokea, akamwekea baba yake simu sikioni.

"Baba watoto, ni mimi. Niko hapa kwenye matela, nimechanganyikiwa. Wanasema la chuma linatosha. Wewe unataka alumini kwa sababu ya maji ya chumvi, siyo?"

Pumzi. Aliijua kazi iliyokuwa ikifanyika upande wa pili, akasubiri.

"Hapana," alisema mumewe. "Nyepesi."

"Nyepesi, ndiyo. Halafu?"

"U... utasukuma." Akapumzika. "Peke yako."

Fundi aliibana simu sikioni mpaka ikamuumiza. Alitaka kusema "ukipona", na neno likagoma kutoka. Mumewe alikuwa ameshafika huko zamani, kwenye kujua kwamba hatapona, amekaa huko siku zote hizi akimsubiri, na muda wote alikuwa akimtafutia yeye tela.

Aliporudi, Injinia alikuwa akimfundisha muuzaji kazi ya breki. Fundi aliwapita wote wawili, akaenda kwenye tela dogo la alumini, la ekseli moja, magurudumu mawili tu. Aliinama, akalishika kwenye mkono wake wa mbele, ule wa kufungia gari, akalinyanyua.

"Shemeji, subiri nikusaidie."

"Niache."

Alilisukuma. Magurudumu yalizunguka juu ya kokoto, tela likaondoka naye taratibu, hatua tatu, hatua tano, mpaka karibu na geti, bila ubishi wowote. Alisimama pale amelishika, machozi yanamtiririka mbele za watu, akitamani kwa moyo wote kwamba lingekuwa zito, la kumshinda mtu mmoja.