Mshono wa Fundi Pindo

Fundi Pindo alishona suti za watu miaka arobaini na tatu, na hakuna kitambaa kilichomshinda. Hili la hospitali ndilo lililomshinda: moyo ndio unaoumwa, sasa kwa nini wanamminya miguu?

"Mzee wangu, nimekueleza mara ngapi?" nesi alisema, huku akimfunga mikanda mipana kwenye vigimbi, mapaja na makalio. "Moyo ukipumzika, mikanda inajaa upepo, inasukuma damu irudi juu. Moyo ukipiga, inalegea. Bila kisu."

"Haya," alijibu, wala hakuelewa kitu. Mashine ikaanza kumrusharusha kitandani.

Sukari ilitangulia, presha ikafuata, kisha moyo. Zimehamia mwilini mwake kama wageni wasiojua kuaga. Madaktari walisema upasuaji ni hatari kwake, ajaribu mikanda: saa moja kwa siku, siku thelathini na tano. Na alikubali kwa jambo moja tu. Mkewe alivunjika nyonga, yuko kitandani kando ya dirisha kwa binti yao, ghorofa ya tatu, jengo lenyewe halina lifti. Fundi akifika ngazi ya saba kifua kinambana, anarudi. Miezi minne sasa wanapungiana mikono dirishani kama wachumba waliokatazwa.

Siku ya ishirini na mbili, nesi alipofungua mikanda, aliona doa la damu kwenye suruali ya kubana ambayo wagonjwa huvaa chini yake. Akaipandisha. Mungu wangu! Kidonda urefu wa kidole, na kwenye suruali, mahali pale pale, mshono maradufu, umenyooka vizuri ajabu.

"Nani kashona hapa?"

"Mimi. Ilikuwa inapwaya."

Jamani, mtu huyu! Aliambiwa suruali isiwe na mkunjo wala uvimbe wowote, yeye akaenda nyumbani akaipunguza. Hajawahi kuona nguo inayopwaya akaiacha. Na miguu yenye ganzi ya sukari haikumpa habari.

"Mwenye sukari hachezi na kidonda cha mguu," nesi alisema, machozi yakimlenga kwa hasira. "Tunasimamisha. Kikipona, daktari ataamua kama tutaendelea."

Akamfunga bandeji, akamwacha. Fundi Pindo akatoka, kichwa kimemvurugika. Amepona kiasi, au hajapona? Siku zote zile zimepotea? Majuto ni mjukuu, naye amempakata mwenyewe.

Ilibidi amwambie mkewe. Alifika uani kwa binti yao, akatazama juu, pazia limefungwa. Akaingia mlangoni huku akitafuta maneno. Aanze na kidonda? Aanze na mshono? Atasema, mke wangu, nisamehe, nimeharibu kwa mikono yangu. La, hapo atacheka, atasema ndiyo tabia yako. Basi aseme nini? Akabishana na nafsi yake hivyo hivyo, akapumzika kidogo kwenye kona, akaendelea kubishana, mpaka mkono wake ukagonga mlango.

Binti alifungua, akashika mdomo. Nyuma yake, kitandani, mama aliinua kichwa.

"Baba watoto! Nani kakubeba?"

Fundi Pindo aligeuka, akatazama ngazi zote zile chini yake. Hapakuwa na mtu.

"Sijui," alisema, akienda kumshika mkono. "Nilikuja kukuambia kwamba sitaweza kupanda."