Matairi ya Meno na Trei Ishirini za Mayai

Baba Mdogo Gad alikulia milimani, Kivu Kusini, akichunga ng'ombe. Kwa hiyo hata gari analitazama hivyo hivyo: anaanzia kwato. Na kwato za pikapu yetu, Ijumaa ile, zilikuwa na kipara kuliko pasta wetu. Mara mbili mfululizo tulipata pancha njiani, na mara zote mbili mayai ya mke wake, Mama Mdogo Orpa, yalifika mjini Mbarara saa ambayo watu wameshakula wameshiba.

Anayeyanunua ni Gaudiose wa mtaa wa Nyamityobora. Yeye huyachemsha, kisha vijana huyatembeza kwenye kituo cha mabasi na kachumbari yake. Yakichelewa, vijana wanakwenda zao. Yakija na ufa, hayachemshiki. Safari ile ya pili alimwambia Mama Mdogo kwa upole, na upole wa Gaudiose ndio wa kuogopwa:

"Mara ya tatu, Mama Orpa, nitachukua ya yule bwana wa Oruchinga. Yeye anavaa saa."

Mama Mdogo ana kuku mia mbili na arobaini pale kwetu Kashojwa, kambini kwa wakimbizi, wote wanataga kwa kumtegemea mwanamke mmoja.

Basi Ijumaa tukaondoka alfajiri na trei ishirini nyuma, tukitambaa, tununue matairi manne kwanza halafu tumfikie Gaudiose saa sita kamili. Dereva ni mimi, Gisèle. Mwenye gari ni Baba Mdogo, ila mtihani wa leseni ulimshinda mara tatu. Anasema yule afisa alimchukia bure. Mimi nilikuwepo. Aliyekuwa na haki ya kuchukia ni ule mti aliougonga.

Saa nne na nusu tuko dukani kwa Mutware, muuza matairi wa Mbarara, mtu mnene mwenye sauti ya redio. Baba Mdogo hakusalimia hata.

"Pine ni hizi!" akasema. Kwetu Wakongomani tairi ni pine, watu ni batu, na mahali ni fasi. Alikuwa amesimama mbele ya rundo la matairi ya matope, yale yenye meno makubwa kama matofali. "Gisèle, angalia! Hizi zikipita Kashojwa, batu bote batasimama."

"Batasimama wameziba masikio, Baba Mdogo."

Mutware akaja akifuta mikono. "Mzee, hii gari yako nafanya kazi wapi?"

"Kila fasi!"

"Ssebo," akauliza, yaani bwana, "kila fasi ni wapi?"

Mama Mdogo ndiye aliyejibu. "Kashojwa mpaka kwenye lami, na barabara yenyewe ya marramu imepigwa greda. Halafu lami mpaka huku. Siku zingine anabeba mabati ya batu humu humu mujini."

"Na siku ya matope?"

"Siku ya matope," nikasema, "Baba Mdogo huwa anaumwa mgongo."

Mutware akacheka mpaka tumbo likamtangulia. Akatuonyesha upande wa pili: matairi yenye mifereji myembamba, yametulia kama wanakwaya. "Basi hii ndiyo yako. Ya lami. Hapana kula mafuta mingi, hapana piga kelele, mvua nanyesha, yeye nashika barabara. Na ubavu yake ngumu, ya mizigo."

Baba Mdogo akayatazama kama mtu aliyekwenda harusini akapakuliwa maharage. "Hizi ni za teksi. Gervais yule Mrundi ana meno kwenye gari lake, mimi nitembee kibogoyo?"

"Gervais anabeba magogo porini," nikasema. "Wewe unabeba mayai."

"Wee Gisèle, nani alikuuliza?"

Akarudi kwenye rundo lake. Akayapapasa. Akayazunguka mara mbili, mikono mgongoni. Mama Mdogo alitazama simu: saa tano kasorobo. Akaitazama tena: saa tano. Ningekuwa mimi ningepiga kelele, lakini yeye ameishi na mtu huyu miaka ishirini na mbili, anajua mlango wa nyuma uko wapi.

"Baba Cyiza," akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "kule milimani ulikuwa unanunua ng'ombe amelala?"

"Aka! Nani ananunua ng'ombe wa kulala? Lazima asimame, atembee, uone mguu."

"Basi, hizi pine zimelala."

Mila ni mila, na hii Baba Mdogo alikuwa ameihubiri mwenyewe kwa kila mtu, hata kwa wasio na ng'ombe. Kwa bahati, pikapu ya Mutware iliyoegeshwa nje ilikuwa imevaa meno yale yale. Mama Mdogo akaenda kwenye gari letu, akabeba trei moja pamoja na nyasi zake, akaifunga kamba vizuri nyuma ya gari la Mutware.

"Nyabo, mama, hiyo mayai ya nini?" Mutware akauliza.

"Hao ndio abiria. Sisi wengine tunasindikiza."

Tukaingia wanne. Mwanzoni Baba Mdogo alikuwa mfalme: kiwiko nje ya dirisha, anawasalimia watu asiowajua. Mara tukashika lami, na mvumo ukaanza chini ya viti, kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Mutware alipoongeza mwendo, meno yangu mwenyewe yakaanza kugongana. Baba Mdogo akageuka nyuma, midomo ikacheza.

"NINI?" nikapaza sauti.

"NASEMA NI ZURI!"

Manyunyu yalikuwa yamelowesha barabara. Tulipofika kwenye kona Mutware akapunguza mwendo, akapunguza tena, akaikata ile kona kama amempakia bibi yake. "Hii meno, lami nakuwa na maji, nateleza," akasema. "Mimi niko nayo sababu shamba yangu iko ndani ya matope kabisa. Kama hapana shamba, ningetupa."

Tulirudi dukani. Mama Mdogo akafungua kamba, akainua trei mpaka chini ya pua ya mumewe. Mayai saba yalikuwa yamepasuka, ute unachuruzika kwenye nyasi.

"Kwa dakika kumi," akasema. "Na hivi vipara vyetu vimeyaleta yote mazima kutoka Kashojwa."

Baba Mdogo akajikuna shingo. "Lakini batu bataniona mwanaume gani?"

"Mwanaume wa kufika saa sita."

Akaenda kuligusa jino moja, taratibu, kama anamuaga ndugu uwanja wa ndege. Kisha akamwambia Mutware alete ya lami.

Mutware akaviringisha manne. Nikainama kusoma zile tarakimu nne ubavuni zinazosema tairi lilitengenezwa wiki gani na mwaka gani. "Mzee Mutware, hili limezaliwa mimi niko darasa la sita. Mpira wa stoo nao unazeeka."

"Eh! Huyu msichana ni polisi?" Alicheka bila aibu hata kidogo, akaenda ndani akatoa ya mwaka jana.

"Umemuangalia umri!" Baba Mdogo akasema, uso umeanza kuchangamka tena. "Vile vile kama ng'ombe!"

Fundi alipomaliza kukaza nati ya mwisho ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Niliendesha nikiwa nimekunja mabega. Katikati ya mji Baba Mdogo akashtuka. "Gari limezima?"

"Linakwenda, Baba Mdogo. Hivi ndivyo gari linavyokwenda."

Saa sita na dakika sita. Gaudiose alikuwa uani, sufuria mbili zinachemka maji matupu, simu sikioni: "Ndiyo, wewe wa Oruchinga, trei ziko ngapi..." Akageuka, akatuona tumesimama nyuma yake. "Mmetokea wapi? Mbona sijasikia gari?" Akaiambia simu, "Kaka, subiri kidogo."

Akakagua trei moja moja kwa vidole. Kumi na tisa, hakuna ufa. Ya ishirini Mama Mdogo akamkabidhi mwenyewe, akamweleza yote, hata habari ya ng'ombe. Gaudiose akamtazama Baba Mdogo. Baba Mdogo akatazama mawingu.

"Ishirini ni ishirini, Mama Orpa," Gaudiose akasema, akiyatenga yaliyopasuka. "Hayo saba utaniongezea Jumanne." Akarudisha simu sikioni. "Kaka, samahani. Nimeshapata."

Mama Mdogo akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavuta pumzi ndefu. Gaudiose akayakaanga yale saba na vitunguu, na aliyekula mengi mnamjua. Alipofika yai la tatu Baba Mdogo akajifuta midomo, akainama kwa adabu.

"Madamu Gaudiose, hapa Mbarara ni nani anauza bampa kubwa? Ile ya chuma?"

Mama Mdogo akainuka polepole kutoka kwenye ndoo.