Pajero Inayochemka Asubuhi Tu

Afande Odyek alishuka kwenye Pajero yake kama mtu anashuka jukwaani, akapiga kelele, "Wee! Fundi wa hapa ni nani?"

Aryemo alikuwa chini ya gari nyingine, miguu tu ndiyo inaonekana. Hakuwa na haja ya kuona uso. Ile "Wee!" aliijua. Mara ya mwisho kuisikia alikuwa Primary Seven, amesimama mvuani kwenye kambi ya polisi, na tangu siku ile ilikuwa imemkaa tumboni kama msumari.

Akatoka polepole, anajifuta mikono. Mzee kanenepa, kastaafu, ndevu zimeingia mvi, lakini ni yeye. Na yeye alimtazama Aryemo vile mtu anatazama jeki.

"Fundi ni mimi, Afande."

"Wewe? Msichana?" Akacheka. "Kale, sawa. Hii gari inataka kunitia wazimu. Asubuhi nikiwasha, hata sijafika barabara ya Port Bell, mshale uko kwenye nyekundu. Mvuke, pwaaa! Halafu ghafla mshale unashuka wenyewe, na kutwa nzima nakaa nayo kwenye foleni ya Kikuubo, jua linawaka, haina neno. Wamebadilisha rejeta. Wamebadilisha pampu ya maji. Jana mwingine ananiambia gasketi ya hedi. Nyinyi mafundi ni wezi, wallahi."

Aryemo akagusa boneti. "Hii imetembea, iko moto. Siwezi kuona kitu. Ugonjwa wake ni wa baridi, kwa hiyo lazima ilale hapa, ipoe kabisa, asubuhi niiwashe mwenyewe."

"Ilale? Kesho naenda Lira kumposea kijana wangu! Mizigo ya wakwe iko ndani tayari!"

"Basi wazee waje wapandie hapa."

Mzee alinung'unika weee, mwisho akatupa funguo juu ya meza na kwenda kutafuta boda.

Kahambu, mama wa Butembo anayeuza chai, mayai na miwa pale langoni, alikuwa ameona uso wa Aryemo. "Mtoto yangu, yule mtu alikufanya nini?"

Aryemo akamwambia. Baba yake, Koplo Ocira, alikuwa polisi. Alipokufa, walimpeleka Kitgum kumzika kwao, maana polisi wa kaskazini hazikwi mjini kama hana watu. Wakati huo Odyek ndiye aliyekuwa anagawa vyumba kambini. Waliporudi kutoka matangani walikuta familia nyingine inapika ndani ya chumba chao. Vitu vyao vyote viko nje kwenye majani, mvua imevipiga. Godoro limevimba kama mandazi. Cherehani ya mama, ambayo ndiyo ingewalisha, imeanza kutu. Picha ya baba, ile moja tu waliyokuwa nayo, imegandana na kioo, sura imeyeyuka. Mama akapiga magoti. Odyek alikuwa amekaa barazani anatafuna muwa. Akatema makapi, akasema, "Wee mama, nyumba ni ya kazi. Si ya marehemu."

Kahambu akaweka birika chini. Halafu akasema, "Mutie sukari kwa tanki."

"Sukari ni mchezo wa watoto," Aryemo akasema. "Mimi nitamtafutia kitu chake."

Asubuhi walifika wote, wamevaa. Odyek na suti. Opoka, yule kijana wa kuoa, na tai inayomkaba shingo. Mbele yao mzee mwembamba na fimbo yake, Obita, kaka mkubwa wa baba yake Odyek, ambaye ndiye wa kusema na wakwe. Mashangazi wawili na magauni yao ya gomesi. Wingu zito lilikuwa linapanda kutoka ziwani.

Aryemo akawasha. Mkono mmoja akauweka kwenye mpira mnene wa juu, ule unaopeleka maji ya moto kwenye rejeta. Mshale ukapanda. Mpira baridi. Mshale ukagusa nyekundu, mpira bado baridi kama soda. Injini inaungua na maji hayatembei! Kabla hajaizima, mpira ukaruka mkononi mwake, ukawa moto wa kuchoma, na mshale ukadondoka wenyewe.

"Umeona?" Odyek akapiga kelele. "Umeona mchawi huyu?"

Si mchawi. Ilipopoa vya kutosha akafungua, akatoa themostati, kile kimlango kidogo kinachozuia maji mpaka injini ipate joto. Akaenda nayo kwa Kahambu.

"Sufuria yangu ya mayai!" Kahambu akalia. "Bannange, unanipikia chuma?"

"Chemsha, mama. Nitakununulia ingine."

Waliinama wote wawili juu ya sufuria. Maji yalipopata moto, kimlango kikafunguka taratibu, kizuri kabisa. Kizima. Aryemo akakigeuza geuza na koleo, akakumbuka kilivyokuwa kimekaa. Pembeni mwake kuna kitundu na kipini cha kupitisha hewa. Kile kipini hukaa juu. Fundi fulani wa haraka alikuwa amekifunga kikiangalia chini. Basi gari ikilala, hewa inajikusanya chini ya mlango, mlango hauonji maji ya moto, hauna habari kama injini inaungua. Ukija kustuka, umechelewa.

Kazi ya kugeuza kitu kimoja tu.

Na hapo hapo, bwana, ile njia ikafunguka mbele yake. Kirudishe kama kilivyokuwa! Waende Lira, walale kwa wakwe. Asubuhi, ukoo mzima wa binti umejipanga kuaga, Afande anawasha na kutabasamu, halafu pwaaa, mvuke mpaka kwenye kofia za wazee. Aryemo akacheka peke yake mpaka Kahambu akamtazama.

Halafu kicheko kikaisha. Odyek angelaani nani? Mafundi, wote. Wezi hawa. Asingejua ni Aryemo. Asingejua ni godoro, ni cherehani, ni picha. Miaka yote hii kubeba msumari, halafu umchome mtu asijue nani kamchoma?

Akakifunga vizuri, kipini juu. Akakaza nati moja moja.

"Afande, teremsha mizigo."

"Mizigo ya nini?"

"Lazima gari ipande pale kwenye mwinuko, pua juu, nitoe hewa. Nyuma iwe nyepesi."

Ya pua juu ilikuwa kweli. Ya mizigo, hapana. Mvua ikaanza. Opoka akataka kusaidia, Aryemo akamwambia, "Wewe tunza suti ya posa, baba anatosha." Odyek akashusha sanduku, gunia la sukari, katoni za sabuni, mfuko mkubwa wa gomesi za mama mkwe. Vyote kwenye majani, vyote vinalowa. Aryemo akamwaga maji kwenye rejeta, akaiacha injini ingurume, mapovu yanatoka. Halafu akakaa kwenye benchi chini ya mabati, akachukua kipande cha muwa kwa Kahambu, akatafuna. Akatema makapi.

"Wee! Vitu vya watu vinaloa!"

"Vya mama yangu pia vililoa."

"Mama yako nani?"

"Mjane wa Koplo Ocira. Tulikuwa Kitgum tunazika."

Odyek akasimama na katoni kifuani. Uso wake ukafanya kama mtu aliyemeza mfupa.

Mzee Obita akasogea na fimbo yake. "Odyek, huyu mtoto anasema nini?"

"Mambo ya kazi tu, baba. Zamani."

"Mwambie, Afande," Aryemo akasema, sauti chini kabisa. "Ama nimwambie mimi mpaka pale ulipotema makapi."

Odyek akamwambia mwenyewe, kwa maneno mafupi, macho kwenye viatu. Mashangazi wakashika midomo. Opoka akalegeza tai.

Obita aliegemea fimbo yake mpaka mapovu kwenye rejeta yakaisha. "Tunaenda kuomba binti wa watu," akasema, "na wewe ulimtupa binti wa watu nje wakati anamlilia baba yake. Nikikukalisha kwenye mkeka wa wakwe, nitawatazamaje? Opoka, pakia vitu. Utaendesha wewe. Baba yako atabaki. Tukirudi, ataenda kupiga magoti kwa huyo mama."

"Baba!" Odyek akalia.

"Nimemaliza."

Aryemo akafunga boneti. Mshale ulikuwa umesimama katikati, haupandi, haushuki. Haikuwa imewahi kumpendeza hivi kazi ya mkono wake. Pajero ikatoka langoni imejaa, tulivu kama maziwa, ikakata kona kuelekea mjini, imemwacha mwenyewe kwenye mvua na suti yake.

Odyek akasimama. Maji yakamtiririka kwenye shingo. Akatazama benchi chini ya mabati, akatazama chai ya Kahambu inayofuka.

"Binti yangu," akasema, na safari hii hakusema Wee, "nikae hapo kidogo mvua ipite?"

Aryemo akachukua spana, akarudi chini ya ile gari nyingine.

"Gereji ni ya kazi, Afande."