Njoo, Baba

Nani aliyeanza mtindo huu simjui, ila huku kwetu mjini Zarqa mzazi humwita mtoto wake kwa jina la mzazi mwenyewe. Mama humwita binti yake "mama", na baba humwita "baba", hata awe kitoto cha kike chenye nywele za mikia miwili. Ni kudekeza tu. Basi neno hilo hilo ndilo lililomponza Mwalimu Nuha.

Alhamisi ile ilikuwa zamu yake ya geti. Saa tano na nusu wasichana wa asubuhi wanatoka, wa mchana wanaingia, na pale getini ni vurugu tupu. Sheria ya shule ni fupi: soma jina kwenye daftari, tazama kitambulisho cha anayemchukua, ndipo umtoe mtoto. Nuha alikuwa na njaa, kichwa kinamgonga, na daftari akaliacha kwapani.

Mwanamume mwenye koti la kijivu akainama mbele ya Rital wa darasa la pili.

"Njoo, baba. Mkoba umejaza mawe leo, au nini?"

Mtoto akacheka. Nuha naye akacheka, akamsukuma taratibu begani. "Haya nenda, mama, usimcheleweshe baba yako."

Wakaondoka.

Haikupita robo saa, akaja mwanamume mwingine mbio, mikono imejaa masizi ya kuchomelea vyuma. "Samahani, mwalimu, nimechelewa. Mimi Murad, baba yake Rital."

Nuha akalitoa daftari kwapani.

"Rital... ameshachukuliwa."

"Na nani? Mama yake yuko hospitali, kajifungua juzi. Hakuna mwingine wa kumchukua!"

Na hapo, Mungu amsamehe, woga ukamfanya mwongo. "Muulize Abu Ghalib," alisema. "Yeye ndiye mlinzi wa geti."

Murad akamkwida mzee shati mpaka vifungo vikaruka. "Binti yangu umempa nani, mzee? Umempa nani?"

"Wallahi, mwanangu, mimi nafungua komeo tu..."

"Nitakuua! Unanisikia? Nitakuua!"

Nuha angeweza kusema. Neno moja tu, "mimi", lingetosha kabisa. Lakini mwalimu mkuu alikuwa tayari anapiga simu polisi, basi yeye akatoka mbio kumtafuta mtoto.

Alikimbia mtaa wa nyuma, akapita maduka ya viatu, akafika kituo cha teksi. "Jamani, mmemwona mtoto wa sare ya buluu na mtu wa koti la kijivu?"

"Baba na binti yake? Ah, mwalimu, wamepita wengi," dereva mmoja alimjibu huku akitafuna mbegu.

Ndipo alipokumbuka vizuri. Mtu yule hakulitaja jina la mtoto, hata mara moja. Hakulijua! Alisema baba, likatosha, na mwalimu mzima na shahada yake akamkabidhi mtoto wa watu. Aliomba huku anakimbia, akichanganya dua na majina ya mitaa, na kila gari lililopita aliliona limembeba Rital.

Karibu na barabara kuu akakuta mkoba wa waridi umetupwa kando ya mtaro. Aliufungua. Daftari la kwanza lilikuwa na jina la Rital, kwa mwandiko wa Nuha mwenyewe. Akaketi chini pale pale kwenye vumbi, akalia kwa sauti.

"Wee mwalimu! Wewe wa shule! Acha kulia, njoo huku!"

Alikuwa Umm Sabri, fundi cherehani, amesimama mlangoni kwake na mkasi mkubwa mkononi. Ndani, chini ya meza ya kukatia vitambaa, Rital alikuwa amejikunyata.

"Kaingia hapa anahema, kuna mtu anamvuta apande gari," Umm Sabri alisema. "Nikatoka na mkasi huu. Mlaanifu akaondoa gari mlango ungali wazi."

"Nilimwuliza jina langu nani," Rital alisema kutoka chini ya meza. "Akasema, si wewe baba? Panda! Sasa hilo ni jina?"

Nuha akamsogezea mkoba wake wa waridi.

Murad, aliyekuwa akimtafuta mitaa hiyo hiyo, akaingia, na nyuma yake Abu Ghalib akichechemea, kifua wazi, shingo ina alama nyekundu za vidole. Murad akapiga magoti. "Njoo, baba. Njoo, roho yangu."

Mtoto hakusogea. Alizidi kujibana ukutani, anamtazama kwa mashaka. Murad akafuta machozi kwa mkono wa masizi, akaita polepole, "Rital. Rital Murad." Hapo ndipo alipotoka, akamrukia shingoni.

Nuha naye akanyoosha mikono. "Alhamdulillahi! Njoo nikuone, mpenzi, hujaumia?"

Rital akaficha uso begani kwa baba yake, kisha akamnyooshea mwalimu kidole.

"Huyu ndiye aliyenitoa kwa yule mtu," alisema.

Umm Sabri akaacha kukunja kitambaa. Murad hakumtazama Nuha hata kidogo. Aligeuka akamtazama Abu Ghalib, shati lake lililochanika, na mzee akainamisha macho sakafuni, kama vile ni yeye aliyepaswa kuona aibu.