Mgeni wa Dada

...na hiyo ni pete yake, hakuna mwingine anayegonga mlango kwa pete, haraka haraka halafu moja ya kuchelewa, kama mtu aliyesahau kitu akakikumbuka, "Hodi humu ndani! We kinyozi, hodi!" na yeye yuko hapa hapa upande wa pili, mkono juu ya komeo, komeo la baridi, hawatenganishwi na kitu zaidi ya ubao na rangi ya kijani iliyoanza kubanduka, na lile neno la karibu analo ulimini tangu asubuhi, ameoga, amejinyoa mbele ya kioo, amekifuta kile kiti kingine ambacho hakijakaliwa na mtu tangu arudi kutoka hospitali, akakifuta tena, yaani ilibaki kuvuta tu komeo, kuvuta tu... ndipo dada akakohoa. "Vumbi la basi hilo," dada anasema huko nje, upesi, kabla hajaulizwa, "dereva alikuwa anakimbiza gari utadhani kaibiwa mke," na mdomo wake kinyozi unataka kucheka wenyewe, lakini masikio yake yamesimama nyuma ya vichwa vya watu miaka mingi, kikohozi cha vumbi ni kikavu, kinakwaruza koo kikaisha, hiki kimetoka chini, kimekuja na maji maji, hiki ni mafua yaliyoshuka kifuani... "Subiri kidogo, dada," anajibu, siyo karibu, subiri, kwa sababu ukishamwambia mtu karibu halafu mlango usifunguke, hiyo ni dharau, na mtu wa mwisho duniani wa kumfanyia dharau ni huyu, huyu aliyelazwa kitanda cha pembeni akapasuliwa akiwa mzima wa afya, wakachukua figo yake moja wakampachika mdogo wake, hapa, mbele, chini ya kitovu upande wa kulia, siyo mgongoni kama alivyokuwa anadhani, ukiweka kiganja unaipata, imetuna kidogo kama ngumi ya mtoto aliyelala, na toka siku hiyo dada akipiga simu hamsalimii yeye kwanza, anauliza, "Mgeni wangu hajambo? Unamlisha vizuri? Asije akasema ukweni kuna njaa," halafu ndipo anaongeza, kama kitu kidogo, "Na mwenye nyumba je?" Mwenye nyumba... mwenye nyumba yuko peke yake, dada. Mwenye nyumba anausoma mswaki. Anasoma maandishi ya kwenye tyubu ya dawa ya meno kwa sauti, weka mbali na watoto, weka mbali na watoto, ili tu kuwe na sauti humu ndani, yeye ambaye siku nzima vidole vyake vilikuwa vinashika vichwa vya watu, masikio, visogo, mafundo ya shingo, watu wanamsimulia mambo ambayo hawajawasimulia wake zao kwa sababu kwenye kiti cha kinyozi mtu anaongea na kioo, na sasa anayemgusa ni nesi tu, tena kwa glavu, tena siku ya kliniki tu, anamshika mkono kutafuta mshipa, na yeye, mtu mzima na mvi zake, anaomba Mungu mshipa ujifiche kidogo ili aendelee kushikwa... "Umelala au umekufa?" dada anauliza, "nimesimama hapa kama muuza sabuni, jirani yako keshachungulia dirishani, nimemwambia miye siuzi kitu." "Nakuja, dada, natafuta ufunguo." Ufunguo gani, mlango una komeo. Uongo wa pili huo. Wa kwanza aliusema jana kwenye simu, daktari ameruhusu, dada, njoo tu, sasa ruhusa, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, kwa sababu alikuwa amepanga, alikuwa amefikiria kwa akili yake mwenyewe, akili mpya, ile aliyopewa na mwalimu mstaafu wa kitanda cha jirani kule kwenye mashine za kusafisha damu, mzee yule mwenye miwani iliyofungwa uzi, "Kinyozi mtu mzima hajui kusoma? Basi mashine itakusafisha damu, mimi nitakusafisha kichwa," na mrija umeingia huku mrija umetoka huku, damu inazunguka nyekundu kama soda, mzee anamwandikia a, e, i, o, u pembeni ya gazeti, na wao wawili wamelala chali wanaimba ba be bi bo bu mpaka manesi wakawa wanapita wanaitikia, mpaka siku ile macho yenyewe yalipoliona neno ukutani na likasema bila kuulizwa, nawa mikono, kumbe ukuta ulikuwa unamsemesha siku zote hizo na yeye hasikii. Na kitabu chake cha kwanza kukimaliza, mwanzo mpaka mwisho, kidole chini ya mstari, ni kile kijitabu chembamba cha kinga ya mwili, chenye picha, alikisoma mpaka mgongo wa kitabu ukaachia, anakijua kama anavyojua mkasi wake, chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, kuna wale wa doria wanaozunguka usiku na mchana, kijidudu kikiingia wanakirukia wanakimeza kizima kizima, wengine wanakufa hapo hapo na usaha unaouona kwenye kidonda ni maiti zao, maskini, na yeye maisha yake yote alikuwa anaufuta usaha kwa pamba kama uchafu... na homa kumbe siyo adui, ni mwili wenyewe umewasha moto kumfukuza mdudu, na kuna wale mafundi wanaotengeneza vitu vidogo vidogo vinavyomganda mdudu kama vibanio vya nguo ili wenye kumeza wamwone kirahisi, na kuna wazee wa kumbukumbu, hao ndio aliowapenda zaidi, surua ilikuja ukiwa mtoto, ikirudi ukiwa na wajukuu wanaisimamisha mlangoni, wewe tunakujua, geuza. Na tezi! Tezi za nyuma ya sikio na shingoni, alizigusa maelfu kwa maelfu akinyoa watoto, vijiwe vya kuteleza chini ya kidole, akiwaambia mama zao huyu ana vijiwe, bila kujua kwamba amegusa kambi, kwamba humo ndani askari wanapigiwa mbinja na kupewa habari. Siku aliyosoma hiyo alitaka kumwambia mtu, akamwambia redio... "Nimekuletea machungwa," dada anasema, kasogea, sauti iko usawa wa tundu la komeo, "na lile sweta, maana mgeni wangu hapendi baridi, kwetu tulimlea vizuri." Na anakohoa tena, safari hii kiganjani, kikohozi kimefungwa mdomo, kikohozi cha mtu anayeficha. Sasa, alifikiria hivi. Vidonge vile vya asubuhi na jioni kazi yake ni kuwalaza askari, ndivyo daktari alivyosema na ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi, hushusha kinga ya mwili, aliisoma mwenyewe, hakusomewa, na ndiyo maana haruhusiwi wageni miezi hii, haruhusiwi mtu mwenye mafua, askari wamelala, mafua madogo tu ya mtoto wa jirani yanaweza kumlaza kabisa. Haya. Kama askari wamelala kwa sababu ya vidonge, na dada anakuja, na nyumba inahitaji askari siku dada anakuja, basi usimeze, jana jioni usimeze, leo asubuhi usimeze, waamke, wanawe nyuso, washike zamu, dada aingie akae kwenye kile kiti, acheke, aondoke, halafu jioni unawarudisha kulala. Nani angepata wazo hilo? Alijisikia mtu msomi. Alilala akitabasamu, vidonge viko mezani kwenye kisahani, na akasema moyoni mwalimu angeniona leo... mwalimu ambaye hakupata wa kumpa figo, kitanda chake kikatandikwa shuka jipya, na uzi wa miwani hakuna anayejua ulikwenda wapi. "Unajua," dada anasema, na hagongi tena, kuna mkwaruzo, ameegemea, mgongo wake uko kwenye mlango, mbao zimelia, "njiani nilikuwa nacheka peke yangu, abiria wananiona chizi, nasema nakwenda kuwaona wote wawili. Mtunze huyo mgeni, mdogo wangu. Miye nimebaki na hii moja, sina nyingine ya kukukatia, labda nikupe wengu," na anacheka, anacheka kwa nguvu, kicheko kinageuka kikohozi, na kikohozi kinakwenda, kinakwenda. Mgeni. Sina nyingine. Na mkono wake unaliachia komeo, kwa sababu kuna ule ukurasa. Kuna ukurasa katikati ya kijitabu, wenye picha ya chembe mbili zimesogeleana, alioupita haraka kwa sababu maneno yake yalikuwa marefu na kidole kilichoka, akasema nitaurudia, akaurudia, akausoma kama mtu anayeimba wimbo wa lugha ya watu, sauti bila maana, na sasa hivi, hapa, amesimama pekupeku, maana inakuja yenyewe kama siku ile ya ukuta. Kila chembe ya mwili ina alama nje yake, askari hupapasa alama hiyo, wakiikuta si ya humu ndani, hushambulia. Hupapasa. Kama yeye anavyopapasa. Yeye angefungwa macho angejua kisogo cha nani hiki, na kichwa cha dada angekijua kuliko vyote, alimnyoa alipougua typhoid nywele zikaanza kutoka, nywele za utosini zinazunguka vizunguko viwili kama maji yanayoingia shimoni, na yeye anavyo hivyo hivyo viwili, mama alikuwa anaviwekea vidole akisema hawa ni wa chungu kimoja, na daktari naye alisema mmefanana, lakini alisema mmefanana nusu. Nusu. Askari hawajui vizunguko. Askari hawamjui mama. Hawajui nani alimbeba nani mgongoni siku ya mafuriko, wao wanapapasa tu kisha wanasema siyo wa humu. Dunia nzima mtu anayepaswa kulindwa na askari wake ni yeye, na mtu mmoja anapaswa kulindwa dhidi yao, yule mgeni, na jana jioni amewaamsha. Kwa mkono wake. Amewaamsha wakamkute dada amelala chumba cha ndani, hana hili wala lile, anachuja damu ya mtu usiku kucha bila hata kuulizwa umeshiba, na mwenye nyumba yuko huku sebuleni anafuta kiti cha dada mwingine... Anaweka kiganja tumboni. Imetuna vile vile. Au imetuna zaidi? Inauma? Haiumi. Labda pamekuwa pazito, labda ni woga tu, woga nao una uzito, na mkojo wa asubuhi ulikuwa wa kawaida, alitazama, hapana, hakutazama, alikuwa anaimba. Kisahani kiko mezani. Hakiko mbali, chumba chenyewe si uwanja wa mpira. Anamimina maji, glasi inagonga mdomo wa jagi ting ting, anachukua vya asubuhi tu, karatasi ilisema ukisahau usimeze maradufu, hiyo nayo aliisoma, ona, kusoma alisoma, vinapita kooni, vimekwaruza, lala, jamani, laleni, huyo ni wa humu. "Unafanya nini huko?" dada anauliza. "Nakunywa dawa." Jirani anaburuta ndoo. "Dawa za asubuhi? Sasa hivi?" "Za asubuhi. Na za jana jioni sikunywa." Dada, mtu anayeongea hata akiwa na uzi wa kushonea mdomoni, anakwaruza ubao kwa pete. "Daktari hakuruhusu," dada anasema, na haulizi. "Hakuruhusu." "Kwa nini, mdogo wangu?" Na yeye ana maneno mengi siku hizi, anajua kuyaandika, anajua kinga na chembe na tezi, anayatafuta yote na linalotoka ni dogo, "Kiti chako kilikuwa kitupu," anasema, na sauti sasa ndiyo inatetemeka. Dada anapumua. Anapumua kwa shida, pua imeziba, na hasemi tena habari za vumbi. "Nina mafua, nilijua nina mafua," anasema, "nikasema nikifika nitakaa mbali na wewe, pale dirishani... we mjinga, na mimi mjinga, mama alizaa wajinga wawili." "Nampigia nesi sasa hivi, nimwambie." "Mpigie. Nitakuwa hapa nasikia, usimdanganye. Atakutukana." "Anitukane." "Akutukane sana," na mbao zinalia tena, anajisogeza, anakaa vizuri, pochi inawekwa chini, chungwa moja limetoka mfukoni linabingirika linagonga chini ya mlango, duk, linatulia hapo, na yeye anajishusha naye taratibu, mshono wa tumbo unamvuta, anaupa mlango mgongo wake pale anapokisia mgongo wa dada ulipo, ubao umepata joto au anajidanganya, simu mkono mmoja, inaita, kiganja kingine juu ya ile ngumi ya mtoto, na nje dada anakohoa, amegeuza uso kuelekea barabarani, anasikia kabisa amegeuza uso, kisha ile pete, nyuma ya kisogo chake, polepole, haina haraka ya kufunguliwa, "Hodi," dada anasema, na komeo liko pale pale lilipokuwa, la baridi, limefungwa, na yeye anabonyeza kiganja tumboni kidogo tu, kama mtu anayetuliza mtoto asiamke, na anajibu, "Karibu, dada. Karibu."