Mkarafuu wa Mzee Jecha

Alasiri ilipokuwa ikisomwa Halbadiri, dua ya kumfichua mwizi, kijijini Ole, Zulekha alikuwa barazani anachambua karafuu za watu, vijiti vya makonyo huku, karafuu kule, mtoto kamlaza ubavuni juu ya kanga. Aliposikia sauti za wasomaji kutoka msikitini hakuinua kichwa, ila alitupa karafuu kwenye makonyo. Ndani alilala mdogo wake, Hafiz, na Zulekha alijua mbuzi aliyeibwa wa jirani yao, Bi Duni, kaliwa wapi na nani.

Kaliwa maskani ya njia panda. Vijana wa pale walitembea na mapanga, wakipora watu simu, hata wapita njia wakahama njia. Lakini Hafiz hakuzaliwa na panga mkononi. Yeye na wenzake walifyeka pori la bondeni, wakapanda miche ya mikarafuu, wakaimwagilia kwa ndoo mpaka ikashika. Mikarafuu ilipoanza kuzaa, Mzee Jecha, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi, alisema bonde lile lilikuwa la babu yake, akalizungushia seng'enge. Vijana walikwenda kila pahala pa kushitakia, wakaambiwa waje kesho. Maskani ndiko pekee walikopokewa siku hiyohiyo.

Sasa kamati ilikuwa imeamua: Shehe Abdulsamad asome, na wezi watakaodhihirika watolewe Ole, wasirudi. Shehe hakutaka kumtaja mtu kwa dhana. Aliomba tu kwamba kila aliyechukua kisicho chake aonekane.

Asubuhi wakaonekana. Hafiz aliamka na kijitawi cha mkarafuu nyuma ya sikio. Zulekha alikivuta, kikamuuma Hafiz, basi akamshika mkono mpaka kwa Bi Duni. Hafiz alikiri. Bi Duni alimtazama kile kijitawi, akamwambia kuanzia leo atamchungia mbuzi waliobaki, na wakipungua atamchinja yeye.

Wenzake wa maskani nao vijitawi viliwaota, huyu begani, huyu kiwikoni, kila mtu kwa kadiri ya alichochukua. Mzee Jecha alitoka nyumbani kwake ubavu ubavu, maana mlango haukumtosha. Mkarafuu mzima ulikuwa umemwotea mabegani, umetanda, umezaa, na njiwa washatua. Watu walimwamkia kama kawaida, akaitikia kama kawaida. Mkewe alimfuata nyuma na ufagio kwa ajili ya majani.

Mkutano uliitishwa uwanja wa skuli. Mzee Jecha alikaa kitini, na kivuli chake kikawatosha wanakamati wote. Akasoma uamuzi: wenye vijitawi waondoke kabla ya magharibi. Bi Duni akauliza, na wenye miti je?

Mzee Jecha alieleza kwa upole kwamba kijitawi ni dalili ya wizi, ama mti wa kadiri ile ni neema. Mwizi gani ajaaliwe mavuno yote yale? Wanakamati waliokuwa kivulini wakaitikia kwamba kweli.

Zulekha akampa Bi Duni mtoto. Alikwenda zake, akarudi na jamvi na ngazi. Jamvi akalitandika miguuni pa Mzee Jecha, ngazi akaiegemeza kwenye tawi lililo nene, akapanda.

"Wafanya n'ni, mwanangu?" Mzee Jecha aliuliza, bila ya kuweza kuinua uso.

"Nachuma, Mzee."

"Nani kakuruhusu?"

"Aliyepanda. Yule pale, mwenye kijitawi. Weye tulia tu, usitikisike, n'sije n'kaanguka."

Bi Duni alicheka mpaka mtoto akaamka. Hafiz akaja kushika ngazi. Wenzake waliweka mapanga chini, wakaleta mapakacha, wakakaa kuchambua hapohapo mbele ya kamati. Magharibi iliadhiniwa, wakaenda kusali, wakarudi. Hakuna aliyeondoka.

Yale yote bado yapo. Seng'enge ipo bondeni, na mikarafuu ya ndani yake huvunwa na vibarua wa Mzee Jecha. Yeye bado ni mwenyekiti; mlango wa nyumba yake umepanuliwa kwa nguvu za wananchi. Baadhi ya vijana wamerudi maskani, kwani hawajapata pengine pa kwenda. Amri ya kuwatoa haijafutwa. Katika kila mkutano husomwa upya, neno kwa neno, na Zulekha huisikiliza mpaka mwisho, yuko juu ya ngazi, anachuma.